Pete za Chuma za Chini ya Boksa: Stili, Saizi na Taimu ya Kuvua

Hii ni ya watu wazima, so kama bado hujafikisha 18, pita tu uende pande ya wasanii.

Pete za mjulubeng siku hizi zinauzwa mtandaoni kama vifuniko vya simu. Unaagiza, rider anakuletea kwa karatasi nyeusi, na hata landlord hajui. Ngori ni vile wasee hununua kwa macho. Inang'aa, bei iko poa, basi. Kwa ile ya raba unaweza bahatisha, juu inavutika na ikikataa kutoka unaikata na makasi. Ya chuma haivutiki hata kidogo, kwa hivyo saizi ndo kila kitu.

Kwanza elewa vile inafanya. Damu huingia na presha kubwa, lakini mishipa ya kuirudisha iko na presha ndogo na inabanika rahisi. Pete inabana hiyo ya kurudi, damu inakaa ndani, mambo inabaki imara. Ni hivyo tu. Haikuongezei saizi ya kudumu, na anayekuuzia akikuambia hivyo anakula doo yako.

Sasa saizi. Chukua uzi, zungusha pale pete itakaa wakati uko imara, weka alama, pima kwa rula, halafu gawanya na 3.14. Ukipata sentimita 14, jibu ni karibu 4.46, yaani pete ya milimita 45. Kama ni ile inapita nyuma ya korodani, uzi pia upite huko nyuma. Ukijipata katikati ya saizi mbili, chukua kubwa. Na usipime ukijidanganya, hakuna mtu anakuona.

Kuna mtego hapa: hiyo namba ya 45 ni upana wa shimo la ndani. Wauzaji wengine huandika upana wa nje. Pete yenye unene wa milimita 8 na shimo la 45 itakuwa 61 ukipima nje, sasa fikiria mtu ameagiza "50" na kumbe shimo ni 34. Uliza muuzaji kabla ya kutuma pesa.

Stili ni kadhaa. Kuna ya mviringo kama mandazi ya shimo, hiyo ni laini kwa ngozi lakini nzito. Kuna bapa kama bangili, hii inasambaza presha vizuri ila ukingo ukiwa mkali utakukata, so pitisha kidole ndani kwanza. Halafu kuna za kufunguka, zingine na bawaba na kifungo, zingine na sumaku. Kwa maoni yangu, msee anayeanza aanze na raba, na akihamia chuma achukue ya kufunguka. Ndio, bawaba inaweza ng'ata nywele na utaruka, lakini afadhali hiyo.

Sababu ni hii: pete nzima ya kupita nyuma ya korodani huvaliwa ukiwa umelala doro, korodani moja, ya pili, halafu mjulubeng mwisho. Kutoa ni kinyume, na lazima ushuke kwanza. Ukikataa kushuka, pete haitoki. Ya kufunguka inakupa mlango.

Kwa upande wa chuma, stenlesi ya 316L ndo ya kawaida na ni poa kwa wengi. Ina nikeli ndani, ingawa haitoki sana. Kama kifungo cha jeans au mkanda wa saa hukuwasha, ngozi yako na nikeli haziskizani, lipia titaniamu. Aluminiamu ni nyepesi, karibu theluthi ya uzito wa stenlesi. Zile za kupakwa rangi ya kung'aa wachana nazo, hubambuka.

Na tafadhali, usijaribu nati ya paipu ama bearing ya gari kutoka Kirinyaga Road. Chuma ya bearing imekomazwa. Kile kikata-pete cha hospitali kimetengenezewa dhahabu na fedha za vidole, hapo kitalia tu, na kitakachofuata ni grinda karibu na mahali hutaki grinda.

Taimu: dakika 20 kwa anayeanza, 30 ndo mwisho. Usilale nayo. Usivae ukiwa umelewa, juu hutasikia maumivu na usingizi utakubeba. Ikianza kuwa baridi, kufa ganzi, kuuma ama kugeuka zambarau, toa hapo hapo. Ikikwama, lala chali, weka barafu iliyofungwa kwa taulo, paka kilainishi, jaribu polepole. Ikikataa, enda emajensi saa hiyo hiyo ama piga 999 au 112. Usingoje asubuhi kwa sababu ya aibu. Daktari ameona mengi, na damu iliyokwama inaua nyama. Na hata kama imetoka, ukibaki imara kwa masaa 4 bado hiyo ni emajensi.

Kuna wenye hii kitu si yao kabisa: mwenye sickle cell, anayemeza dawa za kufanya damu iwe nyepesi, na mwenye kisukari ambacho kimepunguza hisia. Kama unameza vidonge vya kusimamisha, ongea na daktari kwanza kabla ya kuchanganya.

Pete haizuii mimba wala magonjwa, kondomu bado iko kazini. Ukivaa kondomu ya mpira, kilainishi kiwe cha maji, si Vaseline wala mafuta ya kupikia, hizo huiharibu. Baada ya hapo osha pete na sabuni na uikaushe. Ya stenlesi nzima unaweza chemsha, ya sumaku usichemshe, joto hupunguza nguvu ya sumaku na siku moja itafunguka ikuangukie mguuni.