Kasi ya kichakataji, basi na kumbukumbu

Istilahi hizi tatu hutokea pamoja katika maelezo ya kompyuta ya mezani, na wafasiri wengi huzikusanya katika neno moja, "kasi". Kila moja hupima kitu tofauti, na mnunuzi asiyeoneshwa tofauti hiyo huweza kulipia kijenzi ambacho hakitaiongezea mashine yake chochote.

Maana

*kichakataji* nm [ki-/vi-] (pia *prosesa*): kijenzi kinachotekeleza maagizo ya programu. Kasi yake hutajwa kwa gigahezi, yaani mapigo bilioni moja kwa sekunde.

*basi* nm [ji-/ma-]: njia ya pamoja inayopitisha data kati ya vijenzi vya kompyuta. Uwezo wake hutokana na mambo mawili: upana, yaani idadi ya biti zinazopita kwa pamoja, na idadi ya safari kwa sekunde.

*kumbukumbu* nm [i-/zi-]: mahali data inapowekwa kwa muda wakati programu inatumika. Isichanganywe na *hifadhi*, yaani diski, ambamo data hubaki hata umeme ukizimwa.

Basi si gari

Neno *basi* lina mtego. Msomaji wa Kiswahili hufikiria gari la abiria, na "basi lenye kasi" humpeleka moja kwa moja kwenye mwendokasi wa Dar es Salaam. Katika kompyuta, basi ni barabara. Data ndiyo inayosafiri juu yake. Kwa hiyo katika matini ya wanafunzi inafaa kuandika *njia ya data* mara ya kwanza, kisha kulitaja *basi* kuwa jina lake la kitaalamu.

Barabara ya pwani ya kusini inaonesha vizuri uhusiano wa istilahi hizi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yaliyotoka Dar es Salaam kwenda Kilwa na Lindi yalivuka mto Rufiji kwa pantoni. Lori jipya na lori bovu yalikutana kwenye foleni ileile. Injini yenye nguvu haikumsaidia dereva kufika Nangurukuru mapema zaidi ya pantoni ilivyoruhusu. Daraja lilipokamilika, kikwazo hakikwisha bali kilihama: kipande cha Ndundu hadi Somanga, takriban kilomita 60, kiliendelea kwa miaka kuwa bila lami, na wakati wa masika magari yalikwama humo.

Kompyuta nayo iko hivyo. Kichakataji kilichomaliza data iliyo karibu nacho hungoja nyingine ifike kutoka kwenye kumbukumbu. Mapigo yake huendelea kuhesabiwa, lakini kazi haifanyiki.

Mfano wa hesabu

Kichakataji cha Pentium 4 cha gigahezi 1.5 kilipata kasi yake kwa kuzidisha pigo la msingi la megahezi 100 mara 15. Basi lake lilikuwa na upana wa biti 64, sawa na baiti 8, na lilipitisha data mara nne katika kila pigo, yaani mara milioni 400 kwa sekunde. Uwezo wake ulikuwa gigabaiti 3.2 kwa sekunde. Mwaka 2001 kichakataji hicho kiliweza kuuzwa kikiwa kimeunganishwa, kupitia chipseti ya Intel 845, na kumbukumbu ya SDRAM ya megahezi 133, iliyotoa takriban gigabaiti 1 tu kwa sekunde. Theluthi mbili ya uwezo wa basi ilikosa cha kubeba. Mtu aliyebadilisha kichakataji tu katika mashine ya namna hiyo alinunua injini kubwa ya kusubiria pantoni.

Vichakataji vya Athlon 64 vya AMD (2003) na Core i7 vya Intel (2008) vilihamishia kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya kichakataji chenyewe. Tangu hapo *basi la mbele* hupatikana zaidi katika matini za zamani, lakini kanuni haijabadilika: hatua iliyo ya polepole zaidi katika kazi husika ndiyo huamua mwendo wa kazi hiyo. Kazi ya mahesabu mengi juu ya data chache hutegemea kichakataji. Kazi ya kupitia data nyingi hutegemea kumbukumbu na njia yake.

Matumizi

1. Andika *kompyuta yenye kasi*. "Kompyuta ya haraka" huweza kueleweka kuwa inayohitajika upesi.

2. Taja kijenzi kila mara: *kasi ya kichakataji*, *kasi ya basi*, *kasi ya kumbukumbu*. "Kasi ya kompyuta" itumike kwa utendaji wa mashine nzima pekee.

3. Tofautisha mapigo na safari za data. Namba 3200 katika DDR4-3200 ni milioni za safari kwa sekunde. Mapigo yake ni megahezi 1600, kwa kuwa data hupita mara mbili katika kila pigo. "Megahezi 3200" ni kosa, hata kama limezoeleka katika matangazo.

4. Epuka "kumbukumbu ya gigabaiti 500" inapokusudiwa diski. Andika *hifadhi ya gigabaiti 500*.