Moshi wa Baba, Mapafu ya Mama na Mtoto

Leo tuone jinsi madaktari walivyogundua kwamba sigara humdhuru hata asiyeivuta.

Tuanze na mapafu. Hewa tunayovuta hupita kwenye mirija hadi kwenye vifuko vidogo sana, mamilioni kwa mamilioni. Hapo damu huchukua oksijeni na kutoa hewa chafu. Ndani ya mirija mna vinyweleo vinavyofagia vumbi na makohozi. Moshi wa sigara huvilemaza vinyweleo hivyo. Miaka ikipita, huharibu hata vifuko, navyo vikiharibika havirudi.

Mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwahoji wagonjwa katika hospitali 20 za London. Wenye saratani ya mapafu karibu wote walikuwa wavutaji. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha kabla utafiti haujakwisha.

Je, asiyevuta? Mwaka 1981, Takeshi Hirayama wa Japani alitoa matokeo ya kuwafuatilia wake 91,540 wasiovuta sigara, kwa miaka 14. Kadiri mume alivyovuta sigara nyingi, ndivyo hatari ya mkewe kufa kwa saratani ya mapafu ilivyozidi. Makampuni ya tumbaku yalimpinga vikali. Lakini mwaka 1986, ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ilikubali kwamba moshi wa mwingine husababisha saratani hiyo.

Hapa Kenya, sheria ya kudhibiti tumbaku ilipitishwa mwaka 2007, na uvutaji ukakatazwa katika maeneo ya umma. Nyumbani, mama, mlinzi wa kwanza ni wewe. Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko mtu mzima, na mapafu yake bado yanakua. Moshi humzidishia nimonia, pumu na maumivu ya masikio. Kufungua dirisha hakutoshi.

Basi zungumza na baba watoto kwa upole. Mwombe avutie nje, mbali na mlango, na anawe mikono na kubadilisha shati kabla ya kumpakata mtoto. Lililo bora zaidi ni kuacha kabisa, kwani hata aliyevuta miaka mingi hufaidika akiacha. Na mtoto akipumua kwa shida, usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya mara moja.