Doom: Neno la Hukumu Lililogeuka Maangamizi

Neno doom, ambalo katika Kiingereza cha leo humaanisha maangamizi yasiyoepukika, lilianza likiwa neno la baraza na sheria. Katika Kiingereza cha Kale liliandikwa dom, likatamkwa kwa irabu ndefu, na asili yake ni mzizi wa kale wenye maana ya kuweka. Dom, kwa hiyo, lilikuwa jambo lililokwisha kuwekwa na kuthibitishwa, liwe amri ya mfalme, kifungu cha sheria, uamuzi wa kesi au hata rai ya mtu mwenye busara. Mkusanyo wa sheria wa Mfalme Alfred wa Wessex, aliyetawala tangu mwaka 871 hadi 899, ulikuja kuitwa domboc, yaani kitabu cha sheria.

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, lugha ya mahakama ikawa Kifaransa na Kilatini, na neno la Kifaransa la hukumu likachukua nafasi ya dom katika shughuli za kila siku. Neno la wenyeji lilibaki na nguvu zaidi katika dini, likitaja hukumu ya mwisho, ile iliyochorwa kwenye kuta za makanisa watu waione kila waingiapo kusali. Kutoka hapo likasogea kwenye maana ya ajali, kwa maana ya kale ya neno hilo la Kiswahili, yaani yale aliyoandikiwa mtu, na hatimaye likaishia kwenye uangamivu.

Daftari kubwa la ardhi na mali lililoandikwa kwa amri ya William wa Kwanza mwaka 1086 linaonyesha wazi safari hiyo. Katika karne ya 12 Richard FitzNeal, mweka hazina wa mfalme, alieleza kwamba wenyeji waliliita Domesday kwa sababu yaliyoandikwa humo, kama hukumu ya siku ya mwisho, hayakuwa na rufaa. Kwa Kiswahili, kuliita Kitabu cha Kiyama kunavutia, lakini kiyama kwa asili ni kusimama kwa wafu, na jambo lililowagusa watu wale lilikuwa uamuzi usiopingika. Kitabu cha Siku ya Hukumu ndiyo tafsiri iliyo karibu zaidi.

Hukumu inalifaa neno dom kwa sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Mzizi wake wa Kiarabu umekipa Kiswahili hakimu, mahakama na hekima, ukiunganisha uamuzi, mamlaka na busara kama neno la Kiingereza cha Kale lilivyoviunganisha. Kiambishi -dom, kilichotokana na neno hilohilo na kinachoonekana katika maneno ya Kiingereza ya ufalme, uhuru na hekima, hakihitaji istilahi yake, kwa kuwa kiambishi u- mara nyingi hutosha.

Ugumu unabaki kwa deemster, jina linalotokana na kitenzi ndugu cha dom na ambalo hadi leo ni cheo cha majaji wa mahakama kuu ya Kisiwa cha Man. Asili ya neno inaelekeza kwenye hakimu; lakini Tanzania na Kenya hakimu ni wa mahakama za chini, na mtafsiri wa matini ya kisheria hana budi kuandika jaji.