Ufa Kati ya Neva

Mwaka 1906 Camillo Golgi wa Italia na Santiago Ramón y Cajal wa Hispania walipewa Tuzo ya Nobel pamoja, nao hawakupatana. Golgi ndiye aliyevumbua, mwaka 1873, njia ya kutia seli za ubongo weusi kwa chumvi ya fedha. Akaona kwayo wavu mmoja usiokatika. Cajal alitumia njia ile ile, akaona seli mbalimbali, kila moja imekoma mpakani pake. Mpaka huo Charles Sherrington wa Uingereza alikwisha kuuita sinapsi mwaka 1897. Lakini jina si ushahidi, na ufa wenyewe ulishinda nguvu za hadubini ya nuru.

Hukumu ilikawia. Hadubini ya elektroni ilizaliwa Berlin mwaka 1931, na katika miaka ya 1954 na 1955 Palade na Palay, na De Robertis na Bennett, walitangaza kuuona ufa. Upana wake wapata sehemu 20 za milimita iliyogawanywa mara milioni. Golgi na Cajal walikuwa wamekwisha kufa.

Swali likahamia kwenye mifereji ya protini ipitishayo ioni, yaani chembe zenye umeme. Picha haiitofautishi na utando; basi wataalamu hufunga punje za dhahabu kwenye kingamwili zishikazo mfereji unaotafutwa, na dhahabu huonekana doa jeusi. Hata hivyo doa hukaa kando kidogo ya mfereji, kadiri ya urefu wa kingamwili. Alisomaye na amkumbuke Golgi: naye aliamini aliyoyaona.