Lakiri ya kielektroniki: kufuli la kontena linalotoa taarifa njiani

MIZIGO inayopitia Bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, Rwanda, Burundi na Kongo haitozwi ushuru wa forodha nchini. Hivyo tela likifunguliwa njiani, bidhaa zake zaweza kurudishwa Kariakoo na kuuzwa kwa bei ambayo mfanyabiashara aliyelipa ushuru hawezi kushindana nayo.

Ili kudhibiti hali hiyo, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutumia mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo. Lakiri hufungwa kwenye milango ya kontena, hutambua mahali lilipo kwa setilaiti na kutuma taarifa kupitia mtandao wa simu. Lakiri ikikatwa, au gari likiacha njia iliyoidhinishwa, tahadhari hufika katika kituo cha uangalizi. Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha mfumo wao wa pamoja mwaka 2017.

Hata hivyo, lakiri haimkamati mwizi. Penye mtandao hafifu taarifa huchelewa, na kontena likitobolewa ubavuni mlango hubaki salama. Kwa hiyo, ulinzi kamili hutegemea pia doria inayofika mapema na dereva anayeegesha mahali palipo na walinzi.