KIBARUA NA MANAMBA: HISTORIA YA KAZI KATIKA SIMO ZA PWANI

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, simo aghalabu hutajwa kama lugha ya vijana ipitayo pamoja na ujana wao. Mtazamo huo unasahau kwamba simo nyingi zilizaliwa kazini, na kwamba maana zake hutofautiana kwa kuwa jamii zilifanya kazi chini ya masharti tofauti. Timbwani, wadi ya Likoni katika bara ya kusini ya Mombasa, ni mahali mwafaka pa kulichunguzia jambo hili. Upande mmoja, wakazi wake huvuka kwa feri kwenda kisiwani, iliko bandari ya Kilindini. Upande wa pili, barabara ya Lungalunga huelekea Tanga, kitovu cha kilimo cha mkonge. Kila upande una neno lake.

Neno la bandarini ni "kibarua". Asili yake ni barua ndogo, yaani cheti cha kazi ya kutwa. Katika karne ya 19, Mombasa na Unguja, vibarua wengi walikuwa watumwa waliotumwa kutafuta kazi mjini na kumpelekea bwana sehemu ya ujira wao. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini neno halikufa nao. Lilibaki kwa wachukuzi walioajiriwa siku kwa siku, ambao walikuwa miongoni mwa walioshiriki mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947. Sarufi nayo imeihifadhi historia hiyo. Katika "kibarua huyu", neno ni mtu. Katika "kibarua kimeota nyasi", ni ajira yenyewe. Katika "ana kibarua kigumu", ni jukumu lolote zito, hata liwe la waziri.

Neno la njia ya Tanga ni "manamba". Katika Tanganyika ya wakoloni, liliwataja wafanyakazi wa mkataba walioletwa katika mashamba ya mkonge kutoka mbali, kama vile Songea, Kigoma na Ruanda-Urundi. Tangu mwaka 1944 wengi waliandikishwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba. Katika daftari la shamba, namba ya mtu ilitangulia jina lake. Kiambishi "ma-" hapa ni cha wingi: hilo ni kundi linalohesabiwa. Nchini Kenya, neno hilohilo humtaja kijana aitaye abiria wa matatu, ambaye Tanzania huitwa mpigadebe. Huyu husemwa "manamba yule", kwa umoja. Aliyezama katika wingi shambani, stendini amekuwa mtu mmoja mwenye sauti, ambaye abiria wa kila siku wanamjua. Hata hivyo, dharau ya anayemtaja haijapungua sana.

Tofauti hii si jambo dogo kwa msomaji wa fasihi. Mwanafunzi wa Timbwani anayekutana na manamba katika hadithi ya mashamba ya Tanga, akaifasiri kwa maana aijuayo stendini, atamwona kijana mjanja wa mjini pahali pa mhamiaji aliyetengwa na kwao. Kisa kitasomeka, lakini uchungu wake utapotea. Kinyume chake, mhakiki wa Tanzania anaweza kumhurumia mhusika ambaye mwandishi wa Kenya alikusudia achekeshe.

Waandishi wenyewe wameutambua uzito wa maneno haya. Adam Shafi alipoipa riwaya yake ya mwaka 1979 jina la *Kuli*, alilichukua neno lenye asili ya Kihindi lililotumiwa kwa kudunisha, akalitumia kusimulia habari za wafanyakazi wa bandari ya Unguja waliogoma mwaka 1948. Hakulisafisha neno, alimpa anayeitwa kwalo nafasi ya kusema. Mhakiki wa simo naye anapaswa kuanzia hapo, kwa kuuliza ni nani aliyeitwa hivyo, na ni nani aliyekuwa akimwita.