Uduvi wa Marekani kwenye chumvi ya Malindi

Wadau mnaofuga samaki wa mapambo sebuleni, yale mayai makavu mnayoyaloweka kwenye maji ya chumvi, kesho yake uduvi haoo wanaogelea, yana historia ndefu. Mwaka 1933 Alvin Seale wa San Francisco aliandika kuwa uduvi hawa, artemia, ni chakula hai kizuri cha samaki. Mwaka 1939 Gunnar Rollefsen wa Norway akawakuzia vifaranga wa samaki wa baharini. Viumbe hao wanachagua bwana! Wengi hawagusi kisichochezacheza, bora wafe njaa.

Miaka ya 1980 artemia wa San Francisco wakapandwa kwenye mabwawa ya chumvi kaskazini mwa Malindi. Tulifurahia mayai. Ila Ureno, artemia hao hao wamewamaliza wenyeji karibu mabwawa yote.